Siku Nne Alizopewa Soprano

Hospitali nzima ilimwita Mama Mvuke, na waliompa jina hilo walishastaafu zamani. Jina lake la kwenye kitambulisho lilibaki kwa karani wa ofisi. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, mwili mdogo, mikono iliyokomaa kwa maji ya moto, na kazi ambayo mgonjwa haioni: kuhakikisha kila mkasi na kila koleo inayopanda wodini imepita kwenye mvuke mpaka hakuna kijidudu kilichobaki hai.

Chumba chake kilikuwa chini kabisa, mwisho wa korido, mkabala na stoo ya magodoro. Ndani kulikuwa na sinki mbili, meza ndefu ya kukunjia, rafu ya chuma, na mashine ya mvuke yenye ukubwa wa kabati lililolazwa ubavu. Utaratibu haukubadilika kwa miaka ishirini na sita. Vifaa vinaoshwa, vinakaushwa, vinafungwa kwa kitambaa cha kijani mara mbili. Ndani ya kifurushi kinawekwa kijikaratasi cheupe ambacho mvuke hukigeuza rangi. Juu inabandikwa tepu yenye mistari iliyopauka, na mistari hiyo nayo ikipikwa huwa myeusi. Mfungaji anaandika juu ya tepu tarehe na herufi zake mbili. Nesi akiona mistari myeusi anafungua kifurushi bila kuuliza swali. Anamwamini mtu aliye chini ya ardhi ambaye huenda hajawahi kumwona.

Mzunguko mmoja wa mashine, pamoja na kukauka, ulichukua saa nzima. Wengine waliopita chumba kile walitumia saa hiyo kwa simu. Mama Mvuke alisoma Injili, na aliisoma kwa namna yake: hakuruhusu macho yake yafike kwenye agizo jipya la Yesu kabla hajalitenda lililotangulia, au angalau kulijaribu kwa moyo mmoja. Kwa mwendo huo hakuwahi kumaliza kitabu. Kwenye kumpenda adui alikwama miaka miwili, kwa sababu ya jirani aliyekuwa akimwaga maji machafu mlangoni kwake. Alitoka hapo siku jirani alipougua naye akamfulia nguo wiki nzima, akagundua katikati ya povu kwamba hakuwa anaigiza.

Mume wake, fundi viatu, alimpenda sana na hakumwelewa hata kidogo.

"Mke wangu," alimwambia siku moja, "ukikaribia pale pa kuuza ulivyo navyo uwape maskini, nipe taarifa ya wiki moja. Viatu vingi humu ndani ni vya wateja."

Soprano aliingia chumba cha mvuke miaka minane kabla ya mambo haya. Walikuwa wakisali kanisa moja. Sauti yake ya juu, soprano, ndiyo iliyokuwa ikiinua kwaya, na jina lilitoka hapo. Alikuwa mdogo kuliko Mama Mvuke kwa miaka kumi na tano, mcheshi, mwepesi wa machozi na mwepesi wa kicheko. Mama Mvuke ndiye aliyemwombea kazi kwa Metroni, mkuu wa wauguzi, ndiye aliyemfundisha kukunja kitambaa pembe kwa pembe. Walikula pamoja, chupa moja ya chai, vikombe viwili. Mama Mvuke alipomzika dada yake wa kuzaliwa, Soprano alilala kwake siku tatu, akaosha vyombo vya waombolezaji wote, na siku ya nne akamwambia, "Sasa dada yako ni mimi. Utachoka mwenyewe." Tangu hapo fundi viatu alikuwa shemeji, na Soprano alikuwa mtu wa kufungua mlango wa nyumba ile bila kubisha.

Kisa kilianza na jicho la fundi viatu. Msumari uliruka kutoka kwenye soli ukamchoma, na daktari akaagiza atibiwe jicho kila siku alasiri kwa majuma mawili, upande wa pili wa mji. Majuma hayo yalikuwa ya Mama Mvuke kufunga, yaani kubaki mpaka mzigo wa mwisho utoke mashineni saa kumi na moja jioni. Ratiba ya ukutani ilisema hivyo.

"Nenda na shemeji," Soprano alimwambia. "Nitafunga mimi. Ratiba iache kama ilivyo, nani anaisoma?"

"Na mazoezi ya kwaya?"

"Dada, kwaya ina sauti arobaini. Jicho la shemeji ni moja, lile lingine ni la kukonyezea."

Wakabadilishana zamu kwa mdomo, kama walivyofanya mara nyingi. Mama Mvuke akawa anafungua asubuhi na kuondoka saa nane. Kilichokuwa kimebadilika safari hii ni kwamba kwaya ilikuwa inajiandaa kurekodi Jumapili, na mazoezi yalianza saa kumi na nusu. Mzigo wa mwisho ulikuwa bado mashineni saa hiyo, au ulipaswa kuwa mashineni.

Alhamisi ya juma la pili, saa moja asubuhi, Mama Mvuke alishika kifurushi cha kuzalishia akipange kwenye toroli, na kidole gumba kikateleza. Tepu iliyopikwa hushika kitambaa kama ngozi ya pili. Hii ilinyanyuka pembeni, na chini yake kulikuwa na gundi ya kupaka kwa mkono. Akaisogeza kwenye taa. Mistari ilikuwa myeusi sawasawa. Tarehe ilikuwa ya jana, lakini ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene juu ya tarehe nyingine. Herufi mbili zilikuwa zake yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake.

Alikaa kwenye kigoda kwa muda. Kisha akafungua. Kijikaratasi cha ndani kilikuwa cheupe kama siku kilipotoka kwenye boksi.

Vya tarehe ya jana vilikuwa sita, na vyote vya namna hiyo. Vinne vilikuwa kwenye rafu, viwili vilikwishapanda wodi ya wazazi. Mama Mvuke, ambaye kwa kawaida alipanda ngazi akisimama kila kituo, alizipanda bila kusimama. Vyote viwili vilikuwa bado havijafunguliwa.

"Kuna nini, mama?" aliuliza nesi wa wodi.

"Sijaridhika navyo. Nitavirudia."

Nesi alikuwa mtu wa utaratibu. Akaandika kwenye daftari la wodi kwamba vifurushi viwili vimeondolewa na Mama Mvuke kwa kuwa hakuridhika navyo, akaweka saa. Mama Mvuke alishuka, akavifunga upya vyote sita, akavipika, akabandika tepu mpya na kuandika herufi zake. Tepu za gundi alizitupa kwenye ndoo ya taka, na taka za chumba kile zilichomwa kila siku adhuhuri. Hakufikiria ushahidi. Alifikiria wanawake waliokuwa juu wakisubiri uchungu.

Angeweza kwenda kwa Metroni saa ile ile, na wapo watakaosema alipaswa. Lakini kuna agizo la Yesu ambalo Mama Mvuke alikwishakaa nalo mwaka mzima na kuliona kuwa la busara kuliko yote: ndugu akikosa, mfuate kwanza mwonyane mkiwa wawili tu, kabla hujaita mashahidi, kabla hujapeleka neno barazani. Alikuwa ameona jinsi watu wanavyofanya kinyume, wanavyoanza na baraza na kumalizia na mhusika. Soprano alipofika saa sita, Mama Mvuke alifunga mlango, akaweka vikombe viwili, akamwonyesha kijikaratasi cheupe.

Soprano alikitazama. Hakuuliza ni nini.

"Tangu lini?"

"Jana tu. Haki ya Mungu, dada, jana tu."

"Usiape. Niambie tu."

"Jana tu." Machozi yalikuwa yamekwishaanza. "Mwalimu wa kwaya alisema anayechelewa hataingia kwenye kurekodi. Nikaona mzigo wenyewe ni mdogo. Tepu kuukuu, zile zinazorudi na vitambaa kutoka wodini, nikaokota kwenye ndoo, sikuangalia hata ni za nani."

"Zilikuwa zangu."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Lakini hili haliishii humu. Hicho kitu kingeingia ndani ya mwanamke. Metroni lazima ajue, na ni afadhali alisikie kwako. Ukienda mwenyewe atakusikiliza."

Soprano akapangusa uso kwa kitambaa cha kijani. Akaomba jambo moja. Jumapili wanarekodi, na akienda leo atasimamishwa leo, na habari zitafika kanisani kabla yake. Jumatatu asubuhi, kwa mdomo wake mwenyewe, atakwenda.

Mama Mvuke alihesabu siku. Alisema kwamba tangu jioni hiyo atafunga yeye, jicho litasubiri, na kwamba Jumatatu ni Jumatatu. Wakashikana mikono wakaomba. Soprano aliomba vizuri, kama kawaida yake.

Fundi viatu aliposikia alishusha kiatu alichokuwa akikishona.

"Umempa siku nne."

"Nimempa nafasi."

"Mtu akikosea kushona, mimi namwonyesha uzi hapo hapo. Siku nne ni nyingi, mke wangu. Hata Mungu aliumba mambo mengi sana siku nne za kwanza."

"Yule ni mdogo wangu."

"Ndiyo maana nahesabu," alisema, akarudi kwenye kiatu.

Jumapili kwaya ilirekodi. Mama Mvuke alikaa benchi la nyuma akasikiliza, na sauti ile ilipopanda alijikuta anafurahi kwa ajili yake.

Jumatatu saa tatu aliitwa ofisini. Metroni alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyemheshimu Mama Mvuke kuliko alivyoheshimu baadhi ya madaktari. Mezani kulikuwa na daftari la wodi ya wazazi na ratiba iliyobanduliwa ukutani.

"Kaa, mama. Kuna mzazi aliyeruhusiwa wiki iliyopita. Amerudi Jumamosi na homa, na kidonda kimeoza. Na Ijumaa nilikuwa nimeletewa taarifa kwamba kuna vifurushi vinatoka bila kupikwa. Zamu ya kufunga ni yako. Alhamisi ulipanda ukachukua viwili kabla nesi hajavifungua. Nilikuwa sitaki kuamini."

Ijumaa. Mama Mvuke alilisikia neno hilo kabla ya mengine yote. Kisha akasikia homa, akajua kwamba ile "jana tu" ya Soprano haikuwa kweli.

Metroni aliinamia meza. "Sikiliza. Mwaka jana tuliwahi kupata boksi la tepu mbovu. Ukiniambia ni tepu, naandika tepu, tunabadilisha boksi, jalada linafungwa. Umebakiza miaka michache. Ni tepu?"

Ilikuwa huruma, na Mama Mvuke aliiona hivyo. Jibu la neno moja lingemrudisha chumbani kwake, kwenye sinki zake na rafu yake, kwa miaka yote iliyobaki. Pia lingeiacha rafu bila kufunguliwa, na wanawake waliokwishakwenda nyumbani bila kuitwa.

"Si tepu," alisema. "Havikupita kwenye mvuke. Vile sita nimevirudia mimi. Sasa naona kuna vingine kabla ya hivyo. Fungua rafu yote, Metroni, leo, na waite wote waliojifungua majuma haya mawili. Nilipaswa kukuambia Alhamisi. Hilo ni kosa langu na naliungama. Lakini siyo mimi niliyevifunga. Mwite mwenzangu."

Soprano alikuja akiwa amevaa aproni safi. Hakukaa.

"Dada," alisema Mama Mvuke, "leo ni Jumatatu."

Soprano alimtazama Metroni, si yeye.

"Metroni, niliogopa itafika hapa. Mimi ndiye niliyeviona vile vifurushi. Sikutaka kumwaibisha mtu aliyenilea. Nilimfuata kwanza, tukiwa wawili tu, mlango umefungwa, kama Bwana alivyofundisha. Akalia. Akaniomba nimpe mpaka Jumatatu, na nikakubali. Tukaomba pamoja." Sauti ikakatika mahali pazuri. "Ijumaa dhamiri ikanishinda."

Mama Mvuke alikuwa amejiandaa kwa uongo. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Kila kitu kilikuwa cha kweli: mlango, machozi, Jumatatu, hata maombi. Kilichogeuzwa ni viti tu. Alifungua mdomo akagundua kwamba akisema ukweli wake, neno kwa neno, atakuwa anarudia ya Soprano kama kasuku. Wawili waliokuwa chumbani wakati ule ni wao wawili. Agizo lenyewe lilitaka hivyo.

"Siyo hivyo," alisema hatimaye. "Anajua siyo hivyo."

Rafu ilifunguliwa siku hiyo hiyo. Kati ya vifurushi thelathini na kimoja, tisa vilikuwa na vijikaratasi vyeupe. Tepu za vifurushi hivyo zote zilikuwa na gundi na tarehe za kuandika juu, na saba kati ya hizo zilikuwa na herufi za Mama Mvuke, kwa sababu ni yeye aliyekuwa amefunga na kupika vingi zaidi mwezi uliotangulia, na tepu zilizokuwa zikirudi kutoka wodini nyingi zilikuwa zake. Wazazi kumi na mmoja waliitwa. Wawili zaidi walikutwa na maambukizi, wakatibiwa kabla hayajasambaa. Yule wa kwanza alilazwa majuma matatu, akapona.

Mama Mvuke alijaribu hatua inayofuata, ile ya kwenda na mtu mmoja au wawili. Alimwendea mzee wa kanisa, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliyesimamia ubatizo wa wote wawili. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasugua goti.

"Mama, yeye anasema wewe. Wewe unasema yeye. Na wote mnanisomea mstari ule ule. Mimi nishike wapi?"

"Uje tu, tukae watatu. Mbele yako atashindwa."

"Rekodi inatoka mwezi ujao. Kanisa limejitolea sana. Jambo kama hili likisikika..." Akaacha. "Wewe ndiye mkomavu. Samehe, mama. Saba mara sabini."

"Nimesamehe tangu Alhamisi, mzee. Sikuja kuuliza kuhusu kusamehe. Nimekuja kuuliza nani atasema kweli."

Mzee alimsindikiza mpaka getini, akamwombea safari njema. Nyumba zao zilitenganishwa na mtaa mmoja.

Kamati ilikaa mara mbili. Mama Mvuke alieleza juu ya zamu walizobadilishana kwa mdomo, lakini Soprano alikana, na kliniki ya jicho ilikuwa imeandika jina la mgonjwa tu, siyo la aliyemsindikiza. Nesi wa wodi alimtetea kwa nguvu, akasema mtu anayepeleka uchafu hapandi ngazi kuufuata. Hoja hiyo iliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo akahamishiwa chumba cha kufulia, ng'ambo ya uwanja, kukunja mashuka pamoja na wanawake sita ambao siku ya kwanza walinyamaza alipoingia. Soprano alipewa chumba cha mvuke, na msaidizi.

Fundi viatu, jicho likiwa limepona kwa kuchelewa, hakusema "nilikuambia". Jioni alipomwona mkewe ameketi na mikono mapajani alisema, "Kusema kweli, mimi ningesema tepu."

"Najua."

"Na ningelala vizuri kuliko wewe."

"Hilo sijui," alisema Mama Mvuke. "Mimi silali kwa sababu yake yeye, siyo kwa sababu ya tepu. Naamka nataka kumwambia jambo, halafu nakumbuka."

Ilipita miezi miwili kabla Soprano hajavuka uwanja. Vitambaa vya kijani vya kufungia vilifuliwa kule, na siku zote alikuwa akimtuma msaidizi kuvichukua. Siku hiyo alikuja mwenyewe, saa ya chakula, wale sita wakiwa nje kwenye benchi la mbele. Alikuwa amekonda. Alisimama upande wa pili wa meza ya kukunjia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo."

Soprano alishika pembe ya shuka, kwa mazoea, na Mama Mvuke kwa mazoea akashika nyingine. Wakakunja moja, kisha ya pili.

"Siwezi kulala," alisema Soprano. "Kwenye kwaya nafungua mdomo, sauti inatoka, lakini mimi simo. Nimekuja unisamehe."

"Nilikusamehe Alhamisi ile. Sijabadilisha."

"Kweli?"

"Kweli. Sasa kamwambie Metroni."

Soprano aliliachia shuka. "Dada, unajua nina watoto watatu. Nikisema sasa, siyo kufulia. Ni kufukuzwa. Wewe angalau hapa upo, unaheshimiwa, watu wameshasahau. Na ukiangalia sana, zamu ilikuwa yako kwenye ratiba, herufi zilikuwa zako. Mimi nilikuwa nakusaidia kwa ajili ya shemeji. Kuna mahali ambapo hata mimi naona..."

Hakumaliza. Mama Mvuke alikuwa ameinua macho. Hakukuwa na hasira ndani yake, na pengine ndicho kilichomnyamazisha mwenzake.

"Kwa hiyo umekuja ili ulale."

"Nimekuja kwa sababu wewe ni dada yangu."

"Kama ungesema pale ofisini kwamba uliogopa, ningebaki dada yako na ningekaa nawe barabarani ukifukuzwa. Hata leo ukienda, nitakwenda nawe, nitasimama mlangoni mpaka utoke, na watoto wako watakula kwangu. Hilo naliweza. Lakini unataka tuwe tunajua sisi wawili tu, halafu tuombe, halafu utoke. Hiyo tulishafanya."

Soprano alisubiri, kama mtu anayedhani kuna sentensi nyingine ya kulainisha. Haikuja. Mama Mvuke alivuta rundo la vitambaa vya kijani, vilivyonyooshwa pembe kwa pembe, akalisukuma mezani kuelekea kwake.

"Ishirini na vinne," alisema. "Kimoja kimechanika, nimekishona. Kitumie kama cha nje."

Soprano alikumbatia rundo kifuani. Nje, kwenye benchi la mbele, wanawake walikuwa wakicheka jambo. Alitazama upande ule, kisha akapitia mlango wa nyuma, kwenye kamba za kuanikia, akiinama chini ya mashuka yaliyolowa ili asionekane.